Kwa nini unaulizwa kitongoji chako zahanati? Maswali na majibu

Nimekuja na homa. Umri na kitongoji vinahusu nini?

Vinahusu sana. Jibu lako linaingia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kwa wagonjwa wa nje ni Kitabu namba 5, lile daftari kubwa lililo mezani kwa mganga. Tuseme wiki hii wameletwa watoto tisa wanaoharisha. Safu ya makazi ikiachwa tupu, mganga atawatibu mmoja mmoja, basi. Ikijazwa, ataona saba kati yao wanatoka kitongoji kimoja, na bwana afya atajua aanzie kisima gani.

Jina langu linafika wizarani?

Hapana. Kila mwezi kituo hujumlisha, na idadi ndiyo inayopelekwa wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Jina linabaki kituoni. Ukikuta daftari limeachwa wazi dirishani, sema; taarifa zako ni siri.

Kuna mahali takwimu zimeokoa watu kweli?

Wilaya za Rufiji na Morogoro, hapa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ilishirikiana na shirika la utafiti la Canada, IDRC, katika TEHIP, mradi wa kupanga huduma za afya za wilaya kwa kutumia takwimu. Wengi walikuwa wakifia nyumbani, na kifo cha nyumbani hakimo kwenye daftari la zahanati. Kwa hiyo wadadisi walipita nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amefariki, aliugua vipi kabla hajafariki. Wafiwa walijibu, na majibu yao yakalinganishwa na bajeti. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea kwa maradhi na vifo, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha za afya mwaka 1996. Wilaya zikapanga upya: fedha zaidi kwa malaria, vyandarua, na mafunzo ya kumtibu mtoto kwa maradhi yake yote kwa pamoja. Rufiji, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Kila nikiisoma hesabu hiyo nawafikiria mama waliokubali kumsimulia mgeni msiba wao.

Je, takwimu hupikwa?

Hutokea, hasa pale muuguzi mmoja anapotibu, anapozalisha na kujaza vitabu peke yake. Anayeumia ni mgonjwa. Mkitumia vipimo 90 vya malaria mkaandika 60, oda ya Bohari ya Dawa itakuja pungufu. Muuguzi huyo anahitaji msaidizi kabla hajapewa karipio.

Mimi mwananchi nifanye nini?

Njoo na kadi yako ya kliniki, taja umri na kitongoji bila kubahatisha. Zahanati ina kamati yenye wajumbe wa kijijini. Waulize kwenye mkutano wa kijiji: dawa gani iliisha mwezi uliopita, kwa siku ngapi? Wajawazito wangapi walianza kliniki kabla ya wiki 12? Na akifariki mtu nyumbani, hata kichanga cha siku moja, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii amwandike.