Presha ya Shangazi na Shingo Yake

Shangazi yangu alikuwa akipima presha kwa shingo. Shingo ikikaza, anameza kidonge. Ikilegea, dawa zinarudi kabatini. Wengi tunaishi hivyo, tukiamini presha ikipanda tutajua tu.

Si kweli. Mwili una walinzi wa presha, lakini hawakuwekwa watupe taarifa sisi. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, kulia na kushoto, na kwenye upinde wa mshipa mkuu utokao moyoni, kuna neva zinazohisi jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Mtazame mtu aliyekaa mkekani akichambua mchele, kisha anainuka. Nusu lita ya damu au zaidi hushuka tumboni na miguuni. Walinzi wale huhisi ukuta umelegea, hupasha habari shina la ubongo, na ndani ya sekunde chache moyo unaenda mbio na mishipa inabana. Wakichelewa, anashika ukuta kwa kizunguzungu.

Hatari iko hapa: presha ikibaki juu kwa siku kadhaa, walinzi hao huizoea. 160/100 wanaanza kuilinda kana kwamba ndiyo sawa. Mtu analima, anacheka, analala vizuri, huku mishipa ya figo na ubongo ikiumia kimyakimya.

Wengine husema presha ni mawazo tu. Hasira na hofu huipandisha kweli, ila kwa kawaida hushuka vikipita. Presha ya miaka na miaka figo zina mkono mkubwa ndani yake. Zikihisi damu haizifikii vya kutosha, humwaga kwenye damu kimeng'enya kiitwacho renini, na mwisho wa safari yake mishipa hubana na chumvi huzuiwa isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya samaki ng'onda imo kwenye hesabu hiyo.

Na "nimepima 120, nimepona"? Hiyo 120 ni kazi ya dawa. Ukiziacha, kwa wengi presha hurudi palepale.

Siku shangazi alipopimwa ipasavyo, alikaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, mkono mezani usawa wa moyo. Shingo haikumuuma hata kidogo. Kipimo kilisoma 172/104.