Manyoya ya Paka Hukung'utwa, Hayafuliwi

Mama mmoja wa Kibokoni aliniletea buibui jeusi ndani ya mfuko. Nilipolikunjua tu nikajua nyumbani kwake kuna paka mweupe.

"Mwanangu," akaniambia, "hili nimelifua mara tatu. Leo asubuhi nimelisugua kwa brashi hadi mabega yananiuma, na manyoya ndiyo hayo hapo."

"Pole, mamangu," nikamjibu. "Hayo hayatoki kwa kusugua. Kila ukisugua, unayashona."

Hakuniamini, na simlaumu. Tumelelewa tukijua kwamba dawa ya nguo chafu ni maji, sabuni na nguvu za mkono. Kwa jasho, matope na mchuzi, ni kweli kabisa. Kwa manyoya ya mnyama, kazi kubwa hufanyika kabla nguo haijaona maji. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika udobi hapa Mombasa, na wateja wangu wengi wa Mji wa Kale wanaishi na paka, kwa hiyo jambo hili nalishika mikononi kila siku.

Fanya jaribio moja dogo. Chukua unywele wako mwenyewe uliong'oka na shina lake, au unyoya mrefu wa paka. Ushike kwa urefu wake kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha sugua vidole mbele na nyuma, polepole. Utauona unatembea. Vidole vinakwenda na kurudi, lakini unywele unasogea upande mmoja tu, upande wa shina.

Sababu ni kwamba unywele si laini kama unavyoonekana. Ukitazamwa kwa hadubini una magamba yaliyopandana mfano wa makuti juu ya paa. Ukipitisha mkono juu ya makuti kutoka kileleni kushuka, unateleza. Ukiupandisha kutoka chini, unakwama. Magamba ya unywele nayo yameelekea ncha, basi unywele hukubali kwenda kule liliko shina na hukataa kurudi.

Sasa chukulia unyoya huo umelala juu ya buibui. Mtu akiketi, akiinuka, akifikicha nguo kwenye beseni, kila msuguano unausukuma hatua ndogo, shina likitangulia. Unapenya kati ya nyuzi kama sindano isiyojua kurudi nyuma. Ni magamba hayo hayo yanayoharibu sweta la sufu likifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa. Sufu ni manyoya ya kondoo, na nyuzi zake hushikana, zikasukumana, zikakaza hadi sweta la baba likamtosha mtoto.

Sabuni haisaidii hapo. Kazi yake ni kushika mafuta na uchafu na kuviachia kwenye maji. Unyoya umeumbwa kwa keratini, kitu kile kile cha kucha, na hakuna aliyewahi kufua nguo kucha zikamyeyukia. Maji nayo yana lake. Unyoya mkavu ukiupuliza huruka, uliolowa hunata. Ndiyo maana manyoya yaliyokuwa juu ya shati moja, baada ya kufuliwa pamoja, huonekana kwenye mashati sita.

Watu huogopa zaidi paka wa manyoya marefu, wale wa Kiajemi. Mimi naogopa mbwa wa manyoya mafupi. Unyoya mrefu na laini hulala juu ya nguo, hujiviringa na wenzake ukawa kibonge, na kibonge hushikika. Unyoya mfupi mgumu wa mbwa hujichoma ndani ya soksi na blanketi kama mwiba, ukaacha nje ncha isiyofikia hata nusu sentimita. Nimewahi kukaa na fulana moja ya mazoezi, ya kijana anayefuga mbwa wa ulinzi, alasiri nzima, nikiyatoa kwa kibano cha nyusi.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Leso ya pamba, iliyofumwa kwa kukaza, haisumbui. Ikung'ute mara mbili imekwisha. Kanzu ya pamba ni hivyo hivyo. Tabu iko kwenye blanketi zenye malaika, yaani vinyweleo laini, sweta, mahameli, na mabuibui ya nida, ambayo kwa kweli ni poliesta. Poliesta ikisuguana na mwili au na kiti hujaza umeme tuli, ikavuta manyoya hata yasiyoigusa, hasa mtu anapokaa ofisini kwenye hewa kavu ya kiyoyozi. Ongeza kwamba buibui ni jeusi na paka ni mweupe.

Turudi kwa mama. Nililitandaza buibui lake kwenye meza ya kupigia pasi, likiwa kavu. Nikavaa glavu ya mpira, hii ya kuoshea vyombo, nikaichovya ncha za vidole majini na kuikung'uta hadi ikabaki na unyevu tu. Kisha nikaanza kuvuta. Kuvuta, si kusugua: mkono umelazwa, unakuja kwangu kwa mvuto mfupi kama wa shubiri moja, unainuliwa, unarudi hewani, unavuta tena pale pale. Mpira una msuguano mkubwa kuliko kitambaa, basi hukamata ule upande wa unyoya uliobaki nje na kuung'oa. Mvuto wa kwanza hauonyeshi kitu. Kufika wa nne au wa tano, uzi wa kijivu unajitokeza mbele ya vidole, unanenepa, unajiviringa kama tambi. Mama akausogelea, akauokota, akauweka kwenye kiganja chake.

"Yote haya yalikuwa humu?"

"Na hilo ni bega moja tu, mamangu."

Kosa la wengi ni kwenda mbele na nyuma kama wanaosugua sakafu. Ukirudisha mkono juu ya kitambaa unayazika tena yale uliyoyainua. Mwelekeo mmoja ukikataa, geuza nguo, vuta kwa upande mwingine. Manyoya hayakuingia yote kwa njia moja. Usipokuwa na glavu, sponji mpya iliyokamuliwa sana hufanya kazi. Selotepu ni ya mwisho, kwa machache yaliyosalia. Ukianza nayo kwenye nguo iliyojaa manyoya utamaliza roli nzima.

Kabla ya glavu, kung'uta. Toka nje, simama upepo ukiwa mgongoni, shika nguo kwa mabega na uipige hewani mara kumi au kumi na tano, kisha igeuze uishike kwa pindo. Blanketi litundike kwenye kamba ulipige kwa fimbo ya ufagio. Kama nyumbani kuna mashine ya kukaushia, itie nguo kavu kwa dakika 10 bila moto kabla ya kuifua: ule mzunguko na ule upepo hutoa manyoya mengi na kuyapeleka kwenye chujio. Sweta la sufu tu usilitie humo.

Baada ya hapo ndipo nguo iende majini, na manyoya machache yaliyobaki yana njia yake. Geuza nguo nje ndani. Loweka kwenye beseni pana, nguo chache, na ufue kwa kubonyeza na kuachia badala ya kufikicha. Manyoya yanayoachia hupanda juu na kukaa kwenye povu. Hapa ndipo wengi hupoteza kazi yote: wanainua nguo moja kwa moja, ikapita katikati ya lile povu na kuyazoa tena. Enguwa povu kwanza. Mimi natumia chujio la chai la zamani. Kipande cha chandarua kilichokunjwa ni kizuri vile vile. Wakati wa kusuuza, kama maji ya mfereji yapo, acha beseni lifurike kidogo ili yale ya juu yamwagike ukingoni na manyoya yake. Nasema kama yapo, maana anayenunua maji kwa mitungi kwenye mkokoteni hawezi kuyaachia yamwagike, na chujio linamtosha.

Siki nyeupe, nusu kikombe kwenye maji ya mwisho, huondoa mabaki ya sabuni na kukiacha kitambaa laini. Inasaidia, ila msaada wake ni mdogo kuliko sifa zake, haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wenye glavu. Maji ya kulainishia nguo yenye manukato hupunguza umeme tuli kwenye poliesta, lakini kwenye taulo usiyatie, yataifanya isinyonye maji. Na hili nalisema kwa uzito wote: siki na jiki visikutane kwenye beseni moja, kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mashine ya kufulia, isijazwe. Nguo zisipopata nafasi ya kugeuka, manyoya hayana pa kwenda. Fungua kichujio cha pampu mara kwa mara, pangusa ule mpira wa mlangoni, na pipa lake lipanguse kwa kitambaa likishakauka, kwa sababu likiwa bichi manyoya yatakuwa yamegandamana nalo.

Wako wateja wasiotaka kanzu zao za kuswalia zifuliwe pamoja na nguo za nyumba yenye mbwa. Mimi sijadiliani nao. Nina mabeseni mawili na kamba mbili, na kila mtu anajua nguo yake imepita wapi.

Kuanika ni nafasi ya pili ya kuyatoa. Nguo ikikaribia kukauka, ishushe uikung'ute tena, kisha uirudishe kambani. Miezi ya kaskazi, ule upepo mkavu wa Desemba hadi Machi hufanya nusu ya kazi hii wenyewe. Kwenye kusi, nguo zinapokaa na unyevu siku nzima, subira inatakiwa. Buibui jeusi lianike kivulini, jua litalichujua. Na pasi isiguse nguo kabla hujaitazama dirishani kwa pembeni; mwanga wa ubavuni huonyesha kila unyoya.

Kuhusu matandiko ya paka mwenyewe: yafue kwa sabuni ya kawaida na uyasuuze sana. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini usizitumie kwake. Ini la paka haliwezi kuzichakata kama letu, naye hujilamba mwili mzima, kwa hiyo kilichobaki kwenye tandiko kitaingia tumboni.

Paka wa hapa kwetu hawana msimu. Katika nchi za mbali na ikweta, mchana unaporefuka au kufupika mnyama hupukutisha manyoya kwa wingi kisha hupumzika. Mombasa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, nao hupukutisha kidogo kidogo kila siku. Basi anayemchana paka wake kwa brashi dakika tano barazani, siku moja baada ya moja, anapunguza manyoya kabla hayajafika kwenye nguo.

Mama wa Kibokoni nilimpa glavu moja akaondoka nayo. Juzi alirudi, safari hii na blanketi. Alikuwa ameshalikung'uta, ameshalivuta upande mmoja, na kwenye kona ya leso yake alikuwa amefunga kibonge cha manyoya meupe kikubwa kama limau, ili nikione.

"Huu upande wa pili umenishinda," akasema. "Nionyeshe tena pale mkono unapoinuka."