Ubwiri vinyoya wa saladi: mambo tunayoyaamini kimakosa

"Ni ukungu kama ukungu mwingine." Sivyo. Bremia lactucae, kimelea cha ugonjwa huu kinacholeta madoa ya njano juu ya jani na vinyoya vyeupe chini yake, kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko ukungu. Ndiyo maana salfa, inayofaa kwa ubwiri unga, hapa haisaidii.

"Dawa ikishindwa, ongeza kipimo." Dhana hii inaniuma, maana mkulima hupoteza fedha mara mbili. Metalaksili, kiuakimelea kilichomo kwenye dawa ya Ridomil wanayoijua wakulima wetu wa viazi na nyanya, hushambulia sehemu moja tu: kimeng'enya ambacho kimelea hukitumia kutengeneza RNA, nakala ya maelekezo ya jeni zake. Kimelea sugu huendelea kuishi hata kipimo kikiongezwa. Wala dawa haikifundishi usugu. Huwapo vichache vyenye usugu tangu mwanzo. Dawa ikiua vingine, hivyo hubaki na shamba zima.

"Mbegu kinzani haiugui kamwe." Soma pakiti vizuri. Ikiandikwa Bl:16-36EU, maana yake inazikinza aina za Bremia lactucae (Bl) namba 16 hadi 36 zilizoorodheshwa Ulaya (EU), basi. Aina mpya huongezwa kila zinapojitokeza. Marekani wana orodha yao, kwa hiyo pakiti ya Ulaya haimhakikishii chochote mkulima wa Salinas, California. Jeni za ukinzani, ziitwazo Dm, hufanya kazi kwa kukitambua kimelea. Kikibadilisha kile kinachotambuliwa, kinapita bila kuzuiwa.

"Chagua moja, dawa au mbegu." Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu Uingereza walionyesha njia nyingine. Mwaka 1983 kulionekana huko vimelea visivyosikia metalaksili. Vilipochunguzwa, vyote vilikuwa vya aina moja, na aina hiyo haikuweza kuishinda jeni Dm11. Wakulima wakashauriwa kupanda saladi zenye Dm11 na bado kupiga metalaksili: mmea ulivikataa vimelea sugu, dawa ikavimaliza vilivyobaki. Kila kimoja kilifunika udhaifu wa mwenzake, na wavunaji wakapata saladi safi. Baada ya miaka michache ikatokea aina iliyohimili vyote viwili, na watafiti wakarudi kwenye saladi mwitu kusaka jeni nyingine.