Kupe ya Kimichezo: Umbo Linalofanya Kazi

Kupe ya kimichezo ni gari la milango miwili lenye paa lisilofunguka, lililoundwa kwanza kwa ajili ya dereva na abiria wa mbele, ambalo paa lake huanza kushuka mapema kuelekea nyuma badala ya kunyooka hadi karibu na buti kama lilivyo la saluni. Viti vya nyuma, pale vinapokuwepo, huwatosha watoto au mabegi. Hapa Dodoma gari la aina hii, tuseme Audi TT au Porsche 911, likionekana limeegeshwa, watu hulipima kwa mambo mawili tu: mwendo wake wa juu na ukubwa wa injini. Vipimo hivyo ni vya kweli, lakini havielezi kinacholitofautisha na Toyota Crown yenye injini kubwa inayokimbia vilevile katika barabara ya Morogoro. Tofauti iko katika umbo, na umbo hilo limepewa kazi ya kufanya.

Tuanze na kimo. Audi TT ya kizazi cha kwanza ina kimo cha takriban sentimita 135, ilhali Toyota IST, ambayo imejaa mitaani kwetu, inafikia takriban sentimita 153. Injini, viti na paa vinapokaa chini, kitovu cha uzito wa gari nacho hushuka, hivyo gari linapokata kona kwa kasi uzito hauhamii kwa wingi kwenye matairi ya upande mmoja, na matairi yote manne huendelea kushika lami. Porsche 911, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, hutumia injini ambayo silinda zake zimelazwa pande mbili, jambo linaloiwezesha injini yenyewe kukaa chini zaidi, ingawa imewekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo wahandisi wengi wasingethubutu kuiweka.

Hata hivyo, umbo linaloshusha kitovu cha uzito linaweza pia kuleta matatizo, na mfano mzuri ni Audi TT yenyewe. Gari hilo lilionyeshwa kama wazo, yaani gari la mfano lisilouzwa, mwaka 1995 na kuingia sokoni mwaka 1998, likiwa na mgongo wa mviringo usio na kitu chochote juu ya buti, na wachoraji wa magari walilisifu sana. Lakini hewa inayopita juu ya mgongo wa namna hiyo huongeza kasi, mgandamizo wake hupungua, na sehemu ya nyuma hunyanyuliwa kidogo kama bawa la ndege. Katika mwendo wa kawaida dereva hahisi lolote. Katika barabara kuu za Ujerumani, ambako sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo, dereva aliyebadili njia ghafla akiwa kwenye kasi kubwa aliweza kukuta matairi ya nyuma yameacha kushika barabara, na zilitokea ajali zilizoua watu. Kampuni iliyaita magari hayo yarudi karakana, ikayafungia nyuma spoila ndogo, yaani kibawa kinachozuia sehemu ya nyuma isinyanyuliwe na hewa, ikarekebisha mfumo wa springi na kuyawekea mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiteleze. Waliopenda mchoro wa awali walinung'unika kwamba spoila imeuharibu. Kwa maoni yangu iliukamilisha, na kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2006, kilipewa spoila inayojificha kwenye buti na kuinuka yenyewe mwendo unapokuwa mkubwa.

Kuhusu nguvu, TT ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.8 yenye tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, iliyotoa nguvu za farasi 180 au 225, na baadaye ikaongezwa injini ya lita 3.2 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 250. Kwenye karatasi hiyo kubwa ndiyo inayoshinda. Lakini Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, yaani farasi kama 25 kati ya 250. Injini yenye tabo huisukuma hewa ndani kwa mgandamizo, hivyo huweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Mtu anayekaa Dodoma na kuendesha hadi Singida au Iringa ana sababu nzuri ya kutoitazama lita pekee.

Vifaa vya ndani havihitaji maneno mengi, isipokuwa giaboksi. TT ya lita 3.2 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya kawaida kuuzwa na giaboksi ya klachi mbili, ambapo klachi moja hushika gia za 1, 3 na 5, na nyingine hushika za 2, 4 na 6, ili gia inayofuata iwe imeshaandaliwa kabla ile iliyopo haijaachiwa. Mabadiliko ya gia hufanyika bila injini kukatika nguvu. Mafuta ya giaboksi hiyo hubadilishwa kwa muda uliopangwa, na mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kuuliza historia hiyo kabla ya kuuliza rangi.

Umbo hilohilo huleta gharama nyingine kwenye barabara zetu. Bampa ya mbele iko chini na imejitokeza mbele ya matairi, kwa hiyo kwenye matuta ya Kibaigwa au Gairo dereva hulazimika kuyapanda taratibu na kwa mshazari, na rimu kubwa zenye matairi ya kuta fupi hazisamehe shimo wala jiwe katika mitaa isiyo na lami. Kizazi cha pili cha TT kina bodi ambayo sehemu yake kubwa ni alumini, huku chuma kikiwekwa nyuma ili kusawazisha uzito wa mbele na wa nyuma. Alumini hupunguza kilo, lakini haichomelewi wala kunyooshwa kama chuma, na fundi wa bodi asiye na vifaa vyake atashauri kipande kizima kibadilishwe hata pale ambapo kwenye saluni ya kawaida angekinyoosha kwa nyundo.