Galaksi iliyokaa upogo si lazima iwe imegongana
Wengi wakiona picha ya galaksi iliyokaa upogo husema papo hapo: hiyo imegongana na mwenzake. Si lazima. Wanaastronomia huizungusha picha nyuzi 180, kisha huitoa kwenye picha ya awali; kinachobaki hupima jinsi pande zake zisivyolingana. Kipimo kikizidi takriban 0.35, galaksi hushukiwa kuwa inaungana na nyingine. Hushukiwa tu! Mabonge ya nyota changa au vumbi zito huweza kukipandisha bila mgongano wowote. Kwa dalili ya mgongano, mimi huamini zaidi mikia mirefu ya nyota, kama ile ya NGC 4038 na NGC 4039, galaksi mbili zinazogongana: mwaka 1972, ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa kompyuta kwamba nguvu ya mvutano peke yake hutosha kuichomoa.