Ngozi haichuji damu

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana wa Kitanzania kaja kliniki na mama yake, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) imepanda, mkojo una protini. Sijamaliza kusoma majibu ya maabara, mama akanikatiza: "Daktari mwanangu, mbona unazunguka? Si ndiyo hayo mnayosema, sisi weusi figo zetu dhaifu tangu kuzaliwa?" Nilimjibu kwa upole, maana alikuwa na hofu. Hapa sitakuwa mpole hivyo, kwa sababu maneno hayo hayo nayasikia kwa madaktari wenzangu hapa Marekani, na wao hawana kisingizio.

Takwimu sizikatai. Weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani, lakini ni karibu theluthi ya walio kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Hatari yao ya figo kufeli kabisa ni zaidi ya mara tatu ya ile ya wazungu. Walatino na Wenyeji wa Asili nao wako juu ya wazungu. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema weusi wenyewe ndio ugonjwa.

Hatua za mwanzo za ugonjwa wa figo hazitofautiani sana kati ya weusi na wazungu wa nchi hii. Tofauti kubwa iko kwenye mwendo: mweusi anafika kwenye mashine upesi zaidi. Basi tuulize anapitia nini njiani. Presha isiyodhibitiwa, kisukari kilichogunduliwa kimechelewa, bima hakuna, rufaa ya kwa daktari bingwa inatolewa miguu ikiwa imeshavimba. Sheria ya mwaka 1972 iliruhusu Medicare, bima ya afya ya serikali, kulipia karibu kila mtu ambaye figo zake zimeshafeli. Yule ambaye figo zake bado zinaokoleka hakutungiwa sheria kama hiyo.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote.

Uchujaji wa figo hatuupimi moja kwa moja, tunaukadiria kwa fomula. Ile ya MDRD ya mwaka 1999, pamoja na kreatinini, umri na jinsia, iliuliza pia kama mgonjwa ni mweusi. Akiwa mweusi, jibu linazidishwa. Ile ya CKD-EPI ya 2009 ilizidisha kwa 1.159. Sababu tuliyofundishwa ni kwamba weusi wana misuli mingi, na misuli ndiyo inayotoa kreatinini. Maabara nyingi zilichapa majibu mawili kwenye karatasi moja, moja la mweusi na moja la asiye mweusi, halafu daktari achague kwa kumtazama mgonjwa usoni. Mwenye baba mweusi na mama mzungu achaguliwe lipi? Hakuna kitabu kilichojibu.

Chukua wanaume wawili, umri mmoja, kreatinini ile ile. Mzungu anapata uchujaji wa 18, yaani mililita kwa dakika. Mweusi anapata 18 hiyo hiyo mara 1.159, inakuwa karibu 21. Hapa Marekani, mtu ambaye hajaanza dayalisisi huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa akifika 20 au chini yake. Mzungu ameingia foleni leo. Mweusi anaambiwa bado, figo zako zina nguvu.

Yaani taaluma iliyokuwa ikinong'ona kwamba figo za weusi ni dhaifu ndiyo hiyo hiyo iliyowaongezea alama kwenye kikokotoo. Mawazo hayo mawili yalikaa ndani ya kichwa kimoja zaidi ya miaka 20, na kila moja lilimuumiza mgonjwa yule yule.

Mwaka 2021 ikatoka fomula isiyouliza rangi. Mwaka 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji, OPTN, ukapiga marufuku zile za zamani kwenye foleni, na kuanzia Januari 2023 vituo vikatakiwa kupitia majina ya weusi wanaosubiri na kuwarudishia muda waliopunjwa.

Lakini tusidanganyane kwamba kazi imeisha. Fomula mpya ilipohakikiwa, iliwapunguzia weusi takriban mililita 3.6 kwa dakika na kuwazidishia wengine takriban 3.9 ukilinganisha na uchujaji uliopimwa kweli. Kwa anayepangiwa dozi ya dawa ya saratani, au anayetaka kumpa ndugu yake figo, hizo si namba za kupuuza. Na hadi leo hakuna aliyeeleza sawasawa kwa nini Wamarekani weusi katika data zilizotungiwa fomula hizo walikuwa na kreatinini ya juu kwa uchujaji ule ule. Hoja ya misuli haikusimama. Kama ingekuwa ni maumbile ya weusi, ingeonekana pia Afrika kwenyewe. Kinyume chake, utafiti wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda uliochapishwa 2022 uliona fomula za kreatinini zinawapa watu uchujaji mkubwa kuliko walio nao. Mimi naagiza na sistatini C, kipimo kingine cha damu ambacho hakitegemei sana misuli. Ukiiunganisha na kreatinini makadirio yanakuwa bora, bila kumuuliza mtu rangi.

Hapa mtu atanirushia APOL1. Ni kweli, jeni hiyo ipo na ina nguvu. Uhusiano wake na figo ulitambuliwa mwaka 2010: aina zake mbili, G1 na G2, huusaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, lakini zinaongeza hatari ya ugonjwa wa figo. Zimejaa Afrika Magharibi, walikotoka mababu wengi wa Wamarekani weusi. Ethiopia karibu hazipo. Mtu wa Ibadan na mtu wa Addis Ababa wote mtawaita weusi, na kwa jeni hii hawafanani hata kidogo. Kama asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili za aina hizo za hatari, moja kwa kila mzazi, na wengi wao figo hazitafeli. Mara nyingi lazima kitu kingine kichokoze, kama VVU. Vitabu vinasema nakala moja haidhuru. Utafiti wa Ghana na Nigeria wa 2024 umeona hata moja inaongeza hatari kidogo, kwa hiyo mimi mwenyewe nimeacha kuwahakikishia wagonjwa jambo hilo.

Na anayeng'ang'ania damu anieleze hili. Kati ya 1996 na 2013, figo kufeli kwa sababu ya kisukari kulipungua kwa asilimia 54 miongoni mwa watu wazima wa Wenyeji wa Asili wa Marekani. Jeni za watu hazibadiliki kwa miaka 17. Kilichobadilika ni dawa za kulinda figo, presha na sukari kufuatiliwa, na wahudumu kuwafuata watu kwenye jamii zao.

Yule kijana nilimpima presha mwenyewe, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Ilikuwa 164 kwa 98. Nikamuuliza kama aliwahi kupimwa kabla. Akasema mara mbili mwaka jana, na mara zote mbili aliambiwa imepanda kidogo, akapumzike. Dawa hakupewa.