Je, Mwili Huzaliwa Ukijijua?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kinga ya mwili huzaliwa na orodha ya maadui, na kwamba kila kinachoingia mwilini hukaguliwa kwa orodha hiyo. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa tunayo kinga ya kuzaliwa inayotambua alama za jumla za bakteria, lakini haielezi ni vipi mwili humudu kupambana na kirusi kipya ambacho binadamu hajawahi kukutana nacho.

Seli T, ambazo ni miongoni mwa askari wakuu wa kinga, hazitengenezwi kwa kumlenga adui yeyote. Kila moja hupata kipokezi, yaani sehemu ya juu ya seli inayonasa alama za vitu vingine, kilichoundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu. Mfikirie fundi anayechonga maelfu ya funguo bila kuona kufuli hata moja. Zipo zitakazoingia katika makufuli ya watu baki, na zipo zitakazofungua milango ya nyumba yake mwenyewe. Kabla ya kuziachia, huzijaribu moja baada ya nyingine: butu isiyoshika popote hutupwa, na inayofungua mlango wa nyumbani huvunjwa. Mtihani huu hufanyika katika tezi iitwayo thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, na zaidi ya asilimia 90 ya seli zinazoufanya hufa humo.

Hapo ndipo linapozuka swali zuri zaidi. Tezi iliyo kifuani inaijuaje insulini, ambayo hutengenezwa kwenye kongosho? Baadhi ya seli za thaimasi, zikiongozwa na jeni iitwayo AIRE, hutengeneza kiasi kidogo cha protini za viungo vya mbali, kana kwamba fundi ameleta karakanani kufuli moja moja kutoka kila chumba. Jeni hiyo ikiharibika, hutokea ugonjwa adimu ambapo kinga hushambulia tezi za mwili wake yenyewe. Hata ikiwa nzima, baadhi ya funguo hatari huponyoka, na ndiyo maana zipo seli T nyingine za kuzidhibiti. Ugunduzi wa seli hizo ulipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2025.

Kwa hiyo kwa kinga, “changu” ni kile kilichokuwepo wakati wa kufundishwa. Mwaka 1945 mwanasayansi Ray Owen, nchini Marekani, alieleza kuhusu ndama pacha waliochangia damu tumboni, ambao walikua wakiwa na seli za damu za wenzao bila kuzishambulia. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake wakawadunga panya walio bado tumboni seli za panya wa ukoo mwingine, na walipokua wakapokea ngozi ya ukoo huo bila kuikataa.

Ubongo nao hujifunza mipaka yake kwa ushahidi. Katika jaribio la watafiti Botvinick na Cohen la mwaka 1998, mkono halisi wa mtu ulifichwa, mkono wa mpira ukawekwa mbele yake, kisha yote miwili ikapapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache wengi walihisi kwamba brashi inawagusa pale palipo na mpira.

Mwaka 2008 watafiti walidai kwamba wakati huo mkono uliofichwa hupoa, jambo ambalo lingeonyesha kwamba mwili wenyewe umeanza kuukana, lakini majaribio kadhaa ya baadaye hayakulipata. Naona basi ni salama kusema kwamba mifumo hii miwili inakabiliwa na fumbo la aina moja, bila kudai kwamba hulifumbua kwa njia moja. Thaimasi hufanya kazi yake kubwa mapema maishani, kisha husinyaa. Ubongo wa mtu mzima huupokea mkono wa mpira kwa dakika chache, na kuukataa mara brashi mbili zinapoanza kupishana.